Somnath: Miaka 1,000 ya Funzo Kutoka Ng'ambo ya Bahari

Mwaka 2026 unatimiza miaka 1,000 tangu majeshi ya Sultani Mahmud wa Ghazni yalipolivamia na kulipora hekalu la Somnath, lililo ukingoni mwa bahari katika nchi ya Gujarat, magharibi mwa India. Mwaka huo huo unatimiza pia miaka 75 tangu hekalu hilo lilipofunguliwa upya, tarehe 11 Mei 1951, baada ya India kujipatia uhuru wake. Katika India kumbukumbu hizi mbili si jambo la kupita. Kwa waumini wengi ni ibada. Kwa baadhi ya wanasiasa ni silaha.

Ndugu zetu wa Visiwani, na hata mtumishi wa Serikali aliyeko ofisini hapa Singida, wanaweza kuuliza yanatuhusu nini mambo ya hekalu la Wahindu lililo mbali namna hiyo. Swali hilo ni halali, nasi twalijibu mapema. Kwanza, kisa cha Somnath ni sehemu ya historia ya bahari yetu wenyewe, tangu Unguja na Pemba hadi nyika ya Manyoni. Pili, kisa hicho chaonyesha waziwazi jinsi nyumba ya ibada, iliyojengwa na waumini na kulindwa na majirani, inavyoweza kugeuzwa na watawala kuwa daftari la visasi. Nchi yetu yenye misikiti, makanisa, mahekalu na mahali pengi pa tambiko haiwezi kujidanganya kwamba hatari hiyo haiihusu.

BWANA WA MWEZI

Somnath iko Prabhas Patan, karibu na bandari ya Veraval, katika rasi ya Kathiawar ambayo wenyewe huiita pia Saurashtra. Jina lake lina maana ya Bwana wa Mwezi, na bwana huyo ni Shiva, mmoja wa miungu wakuu katika dini ya Wahindu. Masimulizi yao yasema kwamba Mwezi aliwaoa mabinti 27 wa mzee Daksha, lakini akampenda mmoja tu, Rohini, na kuwasahau wenziwe. Baba mkwe akaghadhibika, akamwapiza anyauke hadi atoweke. Mwezi akaja Prabhas, akaoga mahali mito inapokutana na bahari, akamlilia Shiva. Shiva hakuifuta laana ile yote, bali aliipunguza: Mwezi apungue kwa nusu ya kila mwezi, kisha nusu ya pili arejee katika ukamilifu wake. Kwa shukrani Mwezi akamjengea Shiva hekalu mahali hapo.

Wahindu huhesabu mahali 12 ambapo huamini kwamba Shiva alijidhihirisha kwa mfano wa nguzo ya nuru. Somnath huhesabiwa ya kwanza. Kinachoheshimiwa ndani si sanamu yenye sura ya mtu, bali ni jiwe lililosimama, liitwalo linga, ambalo kwa waumini wengi ni alama ya Mungu asiyefungwa na umbo. Jirani na hapo pana mahali ambapo, kwa imani yao, Krishna alichomwa mshale na mwindaji na kuiaga dunia. Hivyo Prabhas imekuwa mahali pa ziara kwa madhehebu mbalimbali ya Kihindu kwa muda wa karne nyingi.

Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu aliyeandika kitabu kikubwa juu ya India kiasi cha mwaka 1030, aeleza kwamba kila siku Somnath ililetewa maji ya mto Ganges na maua kutoka Kashmir. Aeleza vilevile kwamba watu wa pale waliyaona maji kujaa na kupwa kuwa ni utumishi wa bahari kwa jiwe lile takatifu. Mvuvi wa Nungwi au wa Makunduchi hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Ajua tangu utoto kwamba bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Watu wa Kathiawar, waliokuwa wavuvi na mabaharia kama yeye, waliijua kanuni hiyo hiyo ya bahari, wakaifanya kuwa ibada.

BANDARI YA SAFARI ZA ZANJ

Al-Biruni alijiuliza pia kwa nini hekalu hili lilipata umaarufu kuliko mengine mengi ya namna yake. Jibu lake lapaswa kusomwa katika kila shule ya pwani yetu. Alisema kwamba Somnath ilikuwa bandari ya mabaharia na kituo cha wale waliosafiri baina ya Uchina na Sufala katika nchi ya Zanj. Sufala ni Sofala, ambayo leo imo katika Msumbiji, na Zanj ni pwani hii ya Afrika Mashariki. Kumbe basi hekalu hilo lilikuza jina lake kwa msaada wa safari zilizofika kwetu. Wenye vyombo walitoa nadhiri kabla ya kutweka tanga, na waliorejea salama walikuwa na sababu ya kutoa shukrani.

Kwa karne nyingi kaskazi ilipovuma, vyombo vya Gujarat na Kutch vilishuka hadi pwani yetu vikiwa na nguo, shanga na nafaka. Kusi ilipogeuka, vilirejea na pembe, boriti na bidhaa nyingine za Afrika. Kaniki waliyojitanda bibi zetu ilitoka huko. Pembe za ndovu wetu nazo zilichongwa vikuku ambavyo maharusi wa Gujarat walivaa siku ya ndoa zao.

Katika karne ya 19 uhusiano huo ulifika mpaka huku bara. Tangu miaka ya 1830 Sayyid Said alikodisha forodha ya Unguja kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindu wa ukoo wa Bhatia kutoka Kutch, nchi iliyotengana na Kathiawar kwa ghuba tu. Nyumba hiyo iliikusanya ushuru kwa miaka mingi. Mikopo yake, pamoja na ya matajiri wengine wa Kihindi, ndiyo iliyoandaa misafara mingi ya bara. Misafara hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, kisha ikaingia Mgunda Mkali, lile pori kavu lililowatesa wapagazi kwa kiu kabla hawajaifikia Unyanyembe. Sehemu ya pori hilo leo imo katika mkoa wetu, upande wa Manyoni na Itigi.

Hatusemi haya ili kuitukuza biashara ile. Ilibeba pembe, na ilibeba pia watumwa na madeni yasiyolipika. Twasema tu kwamba njia iliyoanzia mlangoni mwa hekalu la Kathiawar, ikapita forodhani Unguja, ilikuja kuishia katika nyika yetu. Historia ya watu hawa na yetu zimefungamana, apende asipende mwenye kusoma.

MWAKA 1026

Mahmud alitawala kutoka Ghazni, mji ulioko Afghanistan ya leo. Alikuwa na jeshi kubwa la kulipwa, na jeshi la namna hiyo hula dhahabu kila siku. Mahekalu ya India, ambayo kwa vizazi vingi yalikuwa yamepokea sadaka za wafalme na za wafanyabiashara, yalikuwa pia hazina. Mwanzoni mwa mwaka 1026 aliifikia Somnath baada ya kuvuka jangwa, akauteka mji, akalivunja jiwe takatifu na kuchukua mali.

Mahmud alijitangaza mpigania dini, na washairi wa baraza lake wakaeneza sifa hiyo. Hatuwezi kukana kwamba dini ilitajwa na kwamba kilichovunjwa kilivunjwa kwa jina lake. Lakini mtu huyo huyo aliiteka na kuipora Rayy mwaka 1029, nayo ilikuwa mji wa Waislamu. Jeshi lake nalo lilikuwa na askari wa Kihindi. Mtawala mwenye uchu wa mali hachagui dini ya anayemnyang'anya. Huchagua tu maneno ya kuufunika unyang'anyi wake.

Ushahidi mzito zaidi watoka tena kwa al-Biruni, aliyeishi chini ya utawala wa Mahmud mwenyewe. Mwanachuoni huyo hakujipendekeza. Aliandika kwamba mashambulizi yale yaliangamiza ustawi wa nchi na kupanda katika mioyo ya Wahindu chuki kubwa juu ya Waislamu wote, hata elimu yao ikakimbilia mahali ambako mikono ya wavamizi haikufika. Huyo alikuwa Mwislamu akiitazama kazi iliyofanywa kwa jina la dini yake, na akaiona hasara yake.

Sisi tuliosoma chuoni tukiwa wadogo, kabla ya kupelekwa shule za Serikali, twakumbuka kwamba Kurani, katika Sura ya An'am, yakataza kuwatukana wale ambao watu wengine huwaomba badala ya Mwenyezi Mungu, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa uadui na ujinga. Wafasiri huifafanua aya hiyo kwa hekima ileile aliyoiandika al-Biruni: anayevunjia wengine heshima ya ibada yao huwaandalia watoto wake mwenyewe uadui.

NAHODHA WA HORMUZ

Wengi wanaoisimulia Somnath huruka kutoka 1026 hadi 1951, kana kwamba katikati hapakuwa na watu. Hapo ndipo upotoshaji unapoanzia. Mahujaji hawakuacha kwenda, na vyombo havikuacha kutia nanga. Mfalme Kumarapala wa ukoo wa Chaulukya alilijenga upya hekalu, na maandishi ya mwaka 1169 yaieleza kazi hiyo kuwa ni ya kulitengeneza jengo lililochakaa. Mwanahistoria wa India, Romila Thapar, katika kitabu chake juu ya Somnath kilichotoka mwaka 2004, ameonyesha jinsi masimulizi ya uvamizi yalivyozidi kukuzwa na waandishi wa karne za baadaye, kila mmoja akiongeza idadi ya waliouawa na uzito wa dhahabu iliyochukuliwa.

Kisha ukafika mwaka 1264. Mwenye chombo mmoja kutoka Hormuz, katika Ghuba ya Uajemi, jina lake Nuruddin Firuz, alitaka kujenga msikiti katika mji huo wa Somnath. Alinunua ardhi kwa msaada wa wakuu wa mji, ambao miongoni mwao walikuwamo wahusika wa hekalu lenyewe. Mapatano yao yalichongwa katika jiwe kwa Kisanskriti, na kulikuwa na jiwe jingine kwa Kiarabu. Yale ya Kisanskriti yametaja mwaka huo kwa kalenda nne pamoja, ya kwanza ikiwa ile ya Hijra, mwaka 662. Yameanza kwa kumtaja Mungu kwa majina ambayo Mhindu na Mwislamu wangeweza kuyatamka pamoja: Bwana wa ulimwengu, asiye na umbo. Yakapanga mapato ya mafuta ya taa, maji, mwadhini na msomaji wa Kurani, na yatakayobaki yapelekwe Makka na Madina. Uangalizi wa mali hiyo ukawekwa mikononi mwa jamaa za Waislamu wa mji, wakiwamo wenye vyombo, wakamuaji mafuta na mafundi wa chokaa.

Tusidanganyane kwamba mapatano hayo yalikuwa mapenzi matupu. Maandishi ya Kiarabu yana dua ya kutaka mji huo uwe siku moja mji wa Uislamu. Kila upande ulikuwa na imani yake na tumaini lake. Lakini walikubaliana kuhusu kiwanja, mafuta ya taa na mshahara wa mwadhini, na wakauandika mkataba. Ni miaka 238 tu ilikuwa imepita tangu Mahmud, na wazee wa mji ule hawakuwa wajinga wa historia yao. Walijua tofauti baina ya sultani aliyekuja na jeshi na nahodha aliyekuja na bidhaa. Walikataa kumlipisha huyu deni la yule.

Mwaka 1299 jeshi la Alauddin Khalji, Sultani wa Delhi, lililipora tena hekalu, na watawala wengine baada yake wakafanya vivyo hivyo. Kwa muda mrefu jengo likawa gofu. Mwaka 1783 Ahilyabai Holkar, malkia wa Indore, alijenga hekalu jingine jirani ili ibada isikatike.

MILANGO YA UWONGO

Jeraha hilo lingeweza kupoa. Aliyelitonesha kwa makusudi alikuwa beberu wa Kiingereza. Mwaka 1842, baada ya majeshi ya Uingereza kupata aibu kubwa huko Kabul, Gavana Mkuu Ellenborough aliamuru askari wake wang'oe milango ya kaburi la Mahmud huko Ghazni na kuileta India. Alidai kwamba ilikuwa milango ya Somnath iliyoporwa na Mahmud, akawatangazia watawala wa India kwamba Waingereza wamewalipizia kisasi cha miaka 800.

Milango ilipochunguzwa ikaonekana kwamba haikuwa kazi ya mafundi wa Gujarat hata kidogo. Ilitiwa ghalani katika ngome ya Agra na haikufika Somnath. Hata Bunge la Uingereza lilizozana kuhusu upuuzi huo mwaka 1843. Lakini kazi ya uwongo ilikuwa imekwisha kufanyika. Tangu hapo vitabu vya wakoloni vilifundisha kwamba Wahindu na Waislamu wa India ni mataifa mawili yenye uadui wa kale, na kwamba Mwingereza ndiye mwamuzi wa kuwatenganisha wasiuane. Sisi wa Tanzania twaujua ufundi huo. Hapa kwetu nako Mkoloni aliwapanga watu kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi na Mwarabu katikati, Mwafrika chini, kila kundi na shule yake na hospitali yake. Kisha akasema kwamba chuki iliyotokea ni maumbile yetu.

UHURU NA HEKALU

Mwezi Novemba 1947, India ilipolichukua jimbo la Junagadh ambamo Somnath imo, Vallabhbhai Patel, Naibu Waziri Mkuu, alitangaza kwamba hekalu litajengwa upya. Mahatma Gandhi hakupinga ujenzi, lakini alishauri kwamba fedha zitoke kwa wananchi na si katika hazina ya Serikali. Ushauri huo ulifuatwa, na ikaundwa bodi ya wadhamini. Mwaka 1951 Rais Rajendra Prasad alialikwa kuongoza sherehe ya ufunguzi. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alimwandikia kutoridhika kwake, kwa hoja kwamba Serikali isiyo na dini haipaswi kuonekana imejenga hekalu. Rais alikwenda hata hivyo.

Wapo waliosema kwamba Nehru alikuwa mkali mno kwa jambo dogo. Yaliyofuata yanatupa nafasi ya kupima. Tarehe 25 Septemba 1990, kiongozi wa chama cha BJP, L. K. Advani, alianzia Somnath msafara wa kisiasa wa kuelekea Ayodhya, kudai hekalu la Rama lijengwe mahali pa msikiti wa Babri uliojengwa mwaka 1528. Tarehe 6 Desemba 1992 umati uliubomoa msikiti huo. Ghasia zilizofuata ziliua watu wapatao 2,000, wengi wao Waislamu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu kabisa ya India ilisema kwamba ubomoaji ule ulivunja sheria, lakini ikawapa Wahindu ardhi ile. Tarehe 22 Januari 2024 Waziri Mkuu Narendra Modi mwenyewe aliongoza ibada ya kulizindua hekalu jipya. Huyo ndiye aliyechaguliwa mwaka 2021 kuwa mwenyekiti wa wadhamini wa Somnath.

Na huko Prabhas Patan kwenyewe, mwezi Septemba 2024, wakuu wa Gujarat walibomoa majengo ya ibada na makaburi ya Waislamu karibu na hekalu, wakidai kwamba yalikuwa katika ardhi ya Serikali bila idhini. Katika mji ule ule ambamo nahodha wa Hormuz alipatiwa kiwanja kwa mkataba wa mawe, wajukuu wa imani yake waliamka na kukuta matingatinga. Hatuna haja ya kuongeza neno.

YANAYOTUHUSU SISI

Katiba yetu ya mwaka 1977 yasema kwamba Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini, na Ibara ya 19 yaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Maneno hayo yanawalinda waumini wa kila dini. Hata hivyo hatuwezi kujisifu kwamba hatujaguswa. Mwaka 2012 makanisa yalichomwa moto Zanzibar mwezi Mei, na Mbagala, Dar es Salaam, mwezi Oktoba. Walioyachoma walikuwa wachache, na jamaa wengi wa dini zote waliona haya. Lakini moto hauulizi idadi ya waliouwasha.

Tunaanza na mahekalu, kwa sababu ndiyo yenye watetezi wachache. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Urithi wa Dunia, kengele ya hekalu la Shiv Shakti mtaani Hurumzi husikika karibu na adhana za misikiti. Shiva anayetajwa hapo ni yule yule wa Somnath. Dar es Salaam nako kuna mahekalu ya Kisutu. Wengi wa Wahindu walioijenga Unguja ya kale waliondoka baada ya mwaka 1964, na katika miji mingi ya bara waliobaki ni familia chache. Tulipata kumsikia mtumishi mmoja wa ardhi, katika kikao ambacho hatutakitaja, akiuliza: hao waliobaki ni wangapi hata wawe na kiwanja kikubwa namna ile katikati ya mji? Swali hilo ndilo lililotutia hofu kuliko habari zote za ng'ambo. Haki ya kiwanja cha ibada haipimwi kwa idadi ya vichwa. Ikipimwa hivyo, leo atanyimwa Mhindu, kesho atanyimwa Mkristo wa Pemba, na keshokutwa Mwislamu wa kijiji ambamo hana jirani wa dini yake.

Wahenga wetu walisema: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Methali hiyo hutumiwa kumsuta mtu apokeaye manufaa ya mwenziwe huku akimdharau. Tumevaa nguo zao, tumekula pilau na chapati, tumechukua maneno yao katika lugha yetu, kama vile duka, gari na hundi. Haitupasi kuvihifadhi viatu na kumfukuza mwenye navyo.

Na sisi wa Singida tusijione tuko nje ya jambo hili. Wanyisanzu wa Mkalama wana mahali pao pa tambiko la mvua, na Kirumi, makao ya watemi wao, pajulikana kwa kazi hiyo tangu enzi za mababu. Majirani zetu wa Kondoa wana mapango ya michoro ya miambani, yaliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2006, na baadhi yake yangali yakitumiwa na wenyeji kwa tambiko. Mahali hapo hapana kengele wala mnara, na afisa mgeni aweza kupaona ni pori tupu la kugawiwa mwekezaji. Jiwe la Prabhas nalo, kwa jicho la askari wa Mahmud, lilikuwa jiwe tu.

Kwa hiyo twatoa rai nne kwa viongozi wa Chama na wa Serikali, Bara na Visiwani.

Kwanza, maofisa wa ardhi wa kila wilaya waorodheshe viwanja vyote vya ibada, vya maziko na vya tambiko, wavipatie hati, na pasiwe na kiwanja kitakachobadilishwa matumizi bila ridhaa ya waumini wenyewe, hata wakiwa watu kumi.

Pili, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inampa Waziri uwezo wa kutangaza majengo na mahali pa kale kuwa kumbukumbu inayolindwa. Uwezo huo utumike kwa misikiti, makanisa, mahekalu na mapango ya tambiko kwa mizani moja. Huko Unguja, Mamlaka ya Mji Mkongwe iyahesabu mahekalu kuwa ni urithi wa Wazanzibari wote, na si mali ya wageni waliokwisha kuondoka.

Tatu, na hapa twajisema sisi wenyewe makada, tuyakumbuke maneno ya Gandhi kuhusu hazina. Imekuwa desturi mgeni rasmi kusimama katika harambee ya msikiti au kanisa na kutoa ahadi, na msikilizaji asijue kama fedha hizo zatoka mfukoni mwake au katika kasma ya ofisi. Kiongozi aende kama muumini, atoe chake, na aseme hadharani kwamba ni chake. Akitoa cha umma mahali pamoja, atadaiwa mahali pote. Na siku atakapokosa cha kutoa, atatoa maneno ya kuwasema wengine, maana hayo hayana gharama. Nehru aliliona hilo mwaka 1951, akaonekana mkaidi.

Nne, walimu wa historia wawasomeshe watoto wetu kisa kizima. Wasiishie mwaka 1026. Wafike mwaka 1264, na wafike kwa al-Biruni na mabaharia wa Zanj. Mtoto anayefundishwa uvamizi tu atakua akitafuta mvamizi wa kumlipiza kisasi, na asipompata ataishia kumpiga jirani.

Somnath imevunjwa mara kadhaa na kujengwa mara kadhaa. Waliolivunja hekalu hilo walikuja na majeshi, na wengi wao walirudi walikotoka. Waliolirejesha na kulitunza, na waliouzungushia msikiti wa nahodha ukuta wa mapatano, walikuwa wakaaji wa bandari: makuhani, wakamuaji mafuta, mafundi wa chokaa na wenye vyombo. Hao walijua kwamba kusi ikigeuka watakutana tena forodhani. Sisi pia tungali tukiishi pamoja, Bara na Visiwani. Kwa hiyo ofisa mwenye ramani ya viwanja mezani pake leo asome mkataba wa mwaka 1264 kabla hajaweka muhuri.